Ukuta Mtupu wa Mountain View

Saa tatu kasoro asubuhi, ndani ya jumba la Computer History Museum mjini Mountain View, California, ukuta mrefu ulikuwa mtupu. Upande mmoja zilibandikwa saa za vipindi, juu yake zikaandikwa sehemu za kukaa, basi. Hapakuwa na jina la mtoa mada, hapakuwa na picha ya mgeni rasmi, hapakuwa na meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki. Watu walikuwa kwenye foleni ya kahawa, wengi mno kwa mkutano usio na ratiba, na karibu kila mmoja wao alikuwa amelipa kiingilio. Wengine walikuwa wameongeza nauli ya ndege kutoka Ulaya na Asia. Walikuja kwenye mkutano ambao asubuhi ile hakuna aliyeweza kukwambia utazungumzia nini hasa.

Nilisafiri kutoka Arusha kwa ajili ya ukuta ule.

Kazi yangu ni kuandaa mikutano, na mji wangu wenyewe unaishi kwa mikutano. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, majengo ya makao makuu yake yaligeuzwa kuwa kituo cha kimataifa cha mikutano, AICC, mwaka uliofuata. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha mwaka 1993, na baadaye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ikafanya kazi yake humo humo. Leo kila hoteli ya maana mjini ina ukumbi, na kila ukumbi una projekta, chupa za maji, kalamu zenye nembo na pipi kwenye kibakuli. Tunajua kuandaa mkutano. Watu wetu wa mapokezi wanaweza kuwakagua na kuwavalisha vitambulisho wajumbe mia tatu kabla chai haijapoa.

Lakini biashara hii kwetu inaendeshwa, kwa sehemu kubwa, na fedha ya mtu asiyekuwepo ukumbini. Mradi fulani hulipa ukumbi, chakula na nauli, kisha humlipa mshiriki posho kwa kuja kukaa. Mshiriki husaini daftari asubuhi, husaini tena jioni, na ikifika siku ya mwisho macho yote yanamtafuta mhasibu mwenye bahasha. Sisemi hivi kwa kuwadharau washiriki. Mwalimu au afisa ugani aliyetoka Simanjiro kuja kusikiliza mada tano ambazo hakuziomba ana haki ya kufidiwa siku yake. Kinachonisumbua ni kwamba mkutano wa namna hiyo hufa siku ile mradi unapofungwa, hata kama waliohudhuria walikuwa na mengi ya kuambiana. Ndiyo maana nilitaka kuona kwa macho yangu mkutano unaolipiwa na wanaouhudhuria, usio na mzungumzaji maarufu wa kuvuta watu, na ambao umedumu hivyo kwa miaka ishirini.

Nilifika kupitia Doha, nikiwa nyuma kwa saa kumi kuliko nyumbani, na kutoka San Francisco nilipanda Caltrain kuelekea kusini. Treni hii ilianza kutumia umeme Septemba 2024, mwaka ule ule ambao treni yetu ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na nilijikuta nalinganisha viti. Nilishuka Palo Alto kwanza, kwa sababu habari yote ya zama hizi ya mikutano inayoongozwa na washiriki inapita katika mji huo mdogo wenye miti mingi.

Mwaka 2003, mchapishaji wa vitabu vya kompyuta Tim O'Reilly aliwaalika watu aliowapenda kwenda Sebastopol, kaskazini mwa San Francisco, wakapiga kambi kwenye viwanja vya kampuni yake na kupanga wenyewe watakachozungumza. Mkutano huo, Foo Camp, uliwavutia wengi, ila mlango ulikuwa wa mwaliko tu. Agosti 2005 baadhi ya watu wasiokuwa kwenye orodha waliamua kufanya wa kwao hapo Palo Alto, katika ofisi za kampuni iitwayo Socialtext. Waliuandaa kwa muda usiofika wiki moja. Wakaja watu kama 200. Wakauita BarCamp, na masharti yakawa mepesi: hakuna kiingilio, na hakuna mtazamaji, kila anayekuja ana la kutoa. Mfano huo ulisambaa haraka kuliko mwanzilishi yeyote angeweza kuusimamia. Nairobi ilifanya wa kwake. Yangon, nchini Myanmar, ambako serikali ya kijeshi ilikuwa bado madarakani, Januari 2010 ulikusanya watu zaidi ya 2,000.

Nilitembea mitaa ya Palo Alto nikiwaza juu ya neno "bure". BarCamp ilithibitisha jambo ambalo waandaaji wa kwetu bado hatuliamini, kwamba watu huja bila jina kubwa kwenye bango, mradi wajue watawakuta wenzao. Heshima hiyo ninaipa. Hata hivyo, kitu cha bure hulipiwa na mtu fulani, na katika mikutano hii mlipaji huwa ni kijana wa kujitolea anayekesha akitafuta ukumbi, maji na soketi za umeme. Mwaka wa kwanza anafanya kwa furaha, wa pili kwa wajibu, wa tatu ana mtoto mchanga na kazi mpya, na mkutano unaishia hapo. Kuna jingine linalojulikana na kila aliyewahi kuandaa shughuli ya bure: mtu aliyejiandikisha bila kulipa haoni shida kutokuja, na wewe umeshapikia mia mbili. Faida, kwa maoni yangu, ni adabu ya kulinda kitu kizuri kisimchoshe anayekibeba. Ninalisema hilo wazi kwa sababu kwetu mwandaaji anayetaka faida huonekana kama tapeli, hali anayekula fedha ya mradi huonekana mwungwana.

Mkutano niliouendea unaitwa Internet Identity Workshop. Unahusu jambo jembamba kabisa: namna mtu anavyojitambulisha kwenye intaneti, nani anashika taarifa zake, na mifumo ya kompyuta inaaminianaje. Waliouanzisha mwaka 2005 ni Kaliya Young, Doc Searls na Phil Windley. Hukutana mara mbili kwa mwaka, siku tatu kila mara, na kwa miaka mingi wamekutana katika jumba hili hili, ukiacha kipindi cha korona walipohamia mtandaoni. Aprili 2025 ulifika mkutano wa 40. Jumba lenyewe lilikuwa la kampuni ya Silicon Graphics kabla ya kuwa makumbusho, na ukiwa mapumzikoni unaweza kwenda kuitazama PDP-1, kompyuta ya miaka ya sitini, ikiwa imekarabatiwa na inafanya kazi.

Tulikaa kwenye viti vilivyopangwa kwa mviringo, mviringo ndani ya mviringo, katikati pakiwa wazi. Mwezeshaji alizunguka taratibu ndani ya ule uwazi akieleza utaratibu. Mwenye jambo la kuzungumza, liwe swali, liwe kazi aliyoifanya, liwe tatizo lililomshinda, aje katikati, achukue karatasi na kalamu ya wino mnene, aandike kichwa cha jambo lake, alitangaze kwenye kipaza sauti kwa sentensi moja, kisha akalibandike ukutani kwenye saa na sehemu anayoitaka. Kimya kilidumu kidogo. Akainuka mmoja, wakainuka wanne, na baada ya hapo foleni ilizunguka chumba. Nilimtazama mama mmoja wa makamo akiandika akiwa amepiga magoti sakafuni, karatasi juu ya zulia. Alifuta neno moja, akaandika upya, akasimama kwenye kipaza sauti na kusema kwamba anataka kujua nani atashika funguo za siri za mzee ambaye simu yake imepotea na watoto wake wako mbali. Watu walicheka kwa kuelewa. Akaenda kubandika. Haikupita saa moja, ule ukuta mtupu ulikuwa umejaa kama uwanja wa gulio, na watu walisimama mbele yake wakipiga picha kwa simu ili wajue waende wapi.

Katika kipindi cha yule mama tulikaa wachache. Wawili walikuwa watengenezaji wa programu, mmoja alitoka kwenye benki, mwingine alikuwa mwanasheria. Nami nilieleza namna wazee wetu wanavyompa mjukuu namba ya siri ya M-Pesa ili awatolee fedha kwa wakala, na jinsi jambo hilo, ambalo kila kampuni ya simu inalikataza, ndilo linalowawezesha kuishi. Yule wa benki aliacha kuandika kwenye kompyuta yake akaniuliza maswali mpaka muda ukaisha. Ningekuwa nimekaa safu ya ishirini na mbili ya ukumbi wa kawaida, nikisubiri "maswali mawili tu kwa sababu ya muda", asingejua kwamba nipo.

Ipo kanuni moja katika mikutano ya namna hii iitwayo sheria ya miguu miwili: ukijiona hujifunzi wala huchangii, inuka uende kwingine. Mountain View niliwaona wakiitumia bila kuoneana haya. Mtu anasikiliza dakika kumi, anainua kikombe chake, anahamia meza nyingine, na aliyekuwa anazungumza haoni kama ametukanwa. Nilikaa nikiwaza Arusha. Kwetu kijana akisimama na kuondoka mzee akiwa bado anazungumza, ameharibu siku yake na pengine ajira yake. Sidhani kwamba dawa ni kuwafundisha vijana wetu utovu wa adabu. Nilipozungumza na mwezeshaji mmoja kuhusu hili, alinipa wazo ambalo nimelishika: mwombe mtu anayeheshimiwa kuliko wote ukumbini awe wa kwanza kuhama, mapema, hadharani, na kwa tabasamu. Mkurugenzi akishahama, kijana anapata ruhusa bila kutangaziwa.

Sasa niseme kuhusu fedha, kwa kuwa ndizo zilizonileta.

Jambo la kwanza nililoliona ni vitu ambavyo havikuwepo kwenye gharama zao. Mkutano wa kawaida hutafuta watoa mada, huwalipia tiketi za ndege na vyumba vya hoteli, na wakubwa zaidi hudai malipo ya kusimama jukwaani. Hujenga jukwaa na kukodi taa, halafu huajiri watu wa kupitia mada miezi sita kabla. Hapa hayo yote hayapo. Kinachobaki ni jumba, chakula, wawezeshaji wachache wenye ujuzi, karatasi, na watu wa mapokezi. Uandaaji unakuwa mwepesi upande wa programu na mzito upande wa utunzaji wa watu. Kahawa haikukatika kutwa nzima, na aliyeichemsha alikuwa fundi wa kazi hiyo, aliyelipiwa na mdhamini.

Hapo ndipo jambo la pili lilipo. Kwetu mdhamini hununua jukwaa: anapewa dakika kumi na tano za kusifia bidhaa yake, na ukumbi mzima hufungua simu zake. Hapa hakuna jukwaa la kuuza, kwa hiyo mdhamini hununua ukarimu. Mmoja analipia kahawa, mwingine chakula cha mchana, mwingine kazi ya kukusanya kumbukumbu, na jina lake linakaa pale watu wanaposhukuru. Naamini mdhamini anapata zaidi kwa njia hii. Mtu anayekuja na kikombe mkononi kukuuliza kampuni yako inafanya nini ana thamani kuliko mia mbili waliolazimika kukusikiliza.

Na kiingilio hakikuwa kimoja. Kampuni kubwa inalipa zaidi, kampuni changa inalipa pungufu, anayejitegemea anapata nafuu, na anayelipa mapema hulipa pungufu kuliko anayechelewa. Hili kwetu lingeonekana upendeleo. Kwangu naliona la haki na la busara pia, kwa sababu kampuni kubwa hulipia nafasi ya kukaa meza moja na yule fundi anayejitegemea, na yule fundi asingemudu bei ya kampuni. Ukimfungia nje mwenye ujuzi asiye na fedha, mwenye fedha naye hana sababu ya kuja.

Lakini utauzaje mkutano usio na ratiba? Hili ndilo lilinikaa rohoni kuliko yote, maana mhasibu wa ofisi yoyote ya Tanzania hawezi kuidhinisha masurufu bila barua ya mwaliko, ratiba na ankara. Mountain View jibu lilikuwa kwenye meza ya kumbukumbu. Kila anayeitisha kipindi hutakiwa kuacha maandishi ya yaliyozungumzwa: nani aliitisha, nani alikuwepo, nini kilisemwa, nini kinafuata. Baada ya mkutano maandishi hayo hukusanywa yakawa kitabu, na kitabu hicho husomwa na yeyote. Mwenye shaka hupewa kitabu cha mkutano uliopita, anakuta jambo lake limejadiliwa na watu anaowajua kwa majina, na anaelewa kwamba asipokuwepo safari ijayo litaendelea kujadiliwa bila yeye. Hakuna bango linaloweza kufanya kazi hiyo. Mkutano uliopita ndio unaouza ujao, na ndiyo sababu wanashikilia majira yale yale na mahali pale pale mwaka baada ya mwaka: watu hupanga likizo, bajeti na hata harusi za ndugu zao wakijua ni lini.

Nilimsikia pia mtu akitaja jina la Adrian Segar, ambaye huko Vermont, mashariki ya Marekani, amekuwa akiendesha mikutano midogo ya wenye kazi moja tangu mwaka 1992 na ameiandikia vitabu. Kwake kila mshiriki hujibu mbele ya wenzake maswali matatu mwanzoni kabisa: nimefikaje hapa, ninataka nini kitokee, na nina ujuzi gani ambao wengine wanaweza kuuhitaji. Mpenda mikutano midogo kama mimi hawezi kuyasahau maswali hayo. Yale mawili ya mwisho nimeamua kuyahamisha: nitayauliza siku mtu anapojiandikisha, wiki kadhaa kabla, kisha niwarudishie watu wote majibu. Hiyo ndiyo itakuwa ratiba yangu ya kumpelekea mhasibu.

Siku tatu zilipokwisha, mshiriki mwenzangu aliyekuwa anarudi kusini alinipa lifti hadi Monterey. Barabara ya 101 inapita Gilroy, mji wa vitunguu saumu, kisha unageuka kuelekea bahari ukipita Castroville, ambako mashamba ya atichoki yanafika ukingoni mwa lami. Monterey palikuwa mji wa viwanda vya samaki wa kopo hadi dagaa walipoisha baharini, na sasa unaishi kwa watalii na, kama Arusha, kwa mikutano. Pembeni yake, Pacific Grove, yapo majengo ya Asilomar, yaliyoanza mwaka 1913 kama kambi ya chama cha wanawake Wakristo, YWCA, na kusanifiwa na mwanamke, Julia Morgan. Mwaka 1975 wanasayansi walikutana humo kukubaliana mipaka ya kuchezea vinasaba. Mbao zimekuwa nyeusi kwa umri, misonobari imeinama kwa upepo, na unatembea dakika chache tu kutoka ukumbini hadi mchangani.

Monterey ndiko ulikofanyika, mwaka 1985, mkutano wa kwanza wa mtindo ambao baadaye uliitwa Open Space. Aliyeuanzisha ni Harrison Owen, kasisi wa Kianglikana aliyegeuka mshauri wa mashirika, aliyefariki mwaka 2024. Alikuwa ameandaa kabla ya hapo mkutano mkubwa wa kawaida, akauhangaikia mwaka mzima, na ulipokwisha kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, alikiri kwamba sehemu bora ilikuwa mapumziko ya kahawa. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye semina anajua habari za chai ya saa nne: ndipo kazi hupatikana, ndipo deni hulipwa, ndipo maprofesa huwa watu. Owen alijiuliza kama mkutano mzima unaweza kuwa na uhai wa chai ile na bado kazi ikafanyika.

Alipotafuta mfano, kumbukumbu ilimrudisha Afrika. Miaka ya sitini alikuwa Liberia, na katika kijiji cha Balamah alishuhudia sherehe ya vijana wa kiume kuingia utu uzima. Ilichukua siku nne, mamia ya watu walishiriki, na hakuona kamati ya maandalizi hata moja. Watu walikusanyika kwa mviringo katikati ya kijiji, wakatawanyika, wakakusanyika tena. Owen alichukua mviringo wa kijiji, akachukua ubao wa matangazo na soko, akavifanya mkutano. Vyote vitatu nilikuwa nimevikalia siku tatu Mountain View.

Habari hii nilikuwa nimeisoma kabla, lakini pale Monterey ilinichoma kwa namna nyingine. Kitu kilichotoka kijijini Afrika Magharibi kinauzwa California kwa bei nzuri, kwa haki na kwa ufundi, na sisi tunaokaa jirani zaidi na chanzo chake tunawalipa watu posho wavumilie safu za viti. Wazee wa Balamah hawakuwa na mwezeshaji wa kulipwa kwa kuwa kila mmoja wao alijua sherehe ni ya nani. Tulipopoteza ni hapo. Mkutano ambao mgeni rasmi ndiye mwenyewe, mshiriki ataendelea kudai fidia.

Mwaka kabla ya safari hii, mimi na wenzangu tulikuwa tumejaribu siku moja ya namna hii Arusha, na wasindikaji wadogo wa vyakula: watu wa asali kutoka Manyara, siagi ya karanga, pilipili ya chupa, unga wa lishe, mvinyo wa ndizi. Tulikuwa tumeshikilia Kiswahili tu, na nadhani hilo lilisaidia kuliko mbinu yoyote. Karatasi zilizobandikwa ukutani bado ninazo. Moja inasema: "Nimepata alama ya ubora ya TBS, niulizeni nilivyopita." Nyingine: "Supamaketi inanilipa baada ya siku tisini. Wewe je?" Ya tatu: "Nani ana chupa za kioo kwa bei ya jumla, tununue pamoja?" Kipindi cha chupa kiliendelea mpaka wahudumu wa hoteli wakaanza kukunja vitambaa vya meza. Mzee mmoja wa mvinyo alituambia alichookoa kwenye chupa peke yake kitalipa viingilio vya miaka mingi. Siku ile hatukuwa tumetoza kitu.

Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la mbao pale Asilomar na daftari, nikapiga hesabu ya siku mbili. Tuseme hoteli inatoza shilingi 80,000 kwa kichwa kwa siku, ukumbi, chai mbili, chakula cha mchana na maji vikiwemo: ni 160,000 kwa mshiriki mmoja. Tuseme wastani wa kiingilio ni 350,000, wakubwa wakilipa zaidi na wadogo pungufu. Inabaki 190,000 kwa kila mtu. Wawezeshaji, matangazo, karatasi, intaneti ya kuaminika na ujira wetu wa miezi ya maandalizi tuviweke milioni 9. Gharama zinarudi mtu wa 48 anapolipa. Wakija 60 tunabaki na milioni 2.4 kabla ya kodi, wakija 80 tunabaki na milioni 6.2, na hapo sijagusa fedha ya mdhamini hata senti. Hatari kubwa iko kwenye mkataba wa hoteli, kwa sababu hoteli hudai idadi ya uhakika siku kadhaa kabla, na usiowapata utawalipia. Dawa yake ni kuanza na ahadi ya watu 40 na kupandisha kadiri fedha zinavyoingia, hata kama meneja atanuna.

Idadi yenyewe nisingependa izidi 100. Zaidi ya hapo mtengeneza jamu wa Lushoto hatamjua mtengeneza jamu wa Mbulu, na tutakuwa tumerudi kwenye safu za viti.

Ishirini wa kwanza nitawatafuta mmoja mmoja kwa simu. Hawa ndio watakaowavuta wengine, kwa hiyo wachaguliwe kwa ujuzi na kwa moyo wa kusema: aliyefanikiwa kuweka msimbo wa mistari kwenye bidhaa zake kupitia shirika la GS1, aliyekataliwa maombi yake na akarudi akashinda, ofisa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambaye watu humfuata hadi nje ya geti kwa maswali, mnunuzi mmoja wa supamaketi mwenye ujasiri wa kukaa meza moja na anaowachelewesha. Kila mmoja atalipa, hata kidogo. Nimeamua hivyo baada ya kuwatazama watu wa Mountain View wakibandika karatasi zao: aliyelipa hutaka siku yake iwe na maana, na huinuka kwenda katikati.

Wa kwanza nilimwandikia usiku ule ule, saa mbili kwa saa za Monterey, ambapo Babati kulikuwa kumeshapambazuka. Ni mama wa asali aliyekuja kwenye siku yetu ya majaribio.

"Shikamoo mama. Tunarudia mkutano wa wasindikaji, safari hii siku mbili, na kuna kiingilio."

"Marahaba mwanangu. Mgeni rasmi nani?"

Nikamjibu kwamba hayupo. Nikamwandikia badala yake maswali matatu ambayo watu waliniachia toka siku ile: la malipo ya supamaketi, la vibali, na la chupa, ambalo tayari lina mtu aliyepata kiwanda na anataka wenzake wa kuagiza nao.

Ilichukua muda kidogo kabla hajajibu.

"Huyo wa chupa anatoka wapi?"

"Moshi, mama."

"Nitumie namba ya kulipia."